Njaa ya jukwaani yavunja mifupa ya wasichana

Watazamaji waendao kuangalia baleti katika kumbi za London, Paris au New York humwona binti mwembamba akisimama juu ya ncha za vidole vya miguu, nao humpigia makofi. Ni wachache mno wanaojiuliza binti yule amekula nini tangu asubuhi. Swali hilo si la upuuzi hata kidogo.

Mwaka 1986 daktari wa Marekani, Michelle Warren, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wacheza baleti 75 wa kulipwa. Kati yao 46 walikwisha kuvunjika mifupa, na sehemu kubwa ya mivunjiko hiyo ilikuwa ule ufa mwembamba unaokuja polepole kwa mfupa kuchoshwa. Kadiri binti alivyochelewa kuvunja ungo, ndivyo mivunjiko ilivyozidi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kurukaruka mchana kutwa hana budi kuvunjika. Hoja hiyo haina msingi. Mfupa ni kitu hai. Ukipata kishindo hujiimarisha. Wasichana wa jimnastiki hutua chini kwa kishindo kinachoweza kuzidi uzito wa miili yao mara kumi, na wengi wao nao ni wembamba, hedhi zao zikichelewa au kukatika. Hata hivyo, walipolinganishwa na wakimbiaji huko Marekani mwaka 1995, mifupa yao ilikutwa na madini mengi kuliko ya wakimbiaji, na hata kuliko ya wasichana wasiokuwa wanamichezo. Waogeleaji hubebwa na maji: wana mapafu na misuli ya kujivunia, lakini mifupa yao kwa kawaida haiwapiti watu wengine. Mcheza baleti yuko katikati. Nyonga na miguu yake, inayopata kishindo cha sakafu kila siku, mara nyingi huhimili. Uti wa mgongo na mikono ndivyo hubaki nyuma.

Basi mkosaji ni njaa. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopewa hubana matumizi kama ofisi iliyopunguziwa fungu lake, na idara ya kwanza kufungwa ni ile ya uzazi. Homoni ya estrojeni, ambayo ndiyo mlinzi wa mifupa, hupungua, hedhi hukatika, madini huanza kupotea. Mwaka 1992 wataalamu wa Marekani waliipa hali hii jina la utatu wa mwanamichezo wa kike, na mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaupanua uelewa huo hadi kwa wanaume.

Linaloudhi ni kwamba kukatika kwa hedhi kulihesabiwa kwa miaka mingi, jukwaani na uwanjani, kuwa jambo la kawaida, kana kwamba ni ushahidi wa bidii. Mkimbiaji Mary Cain wa Marekani alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi alivyohimizwa kupunguza uzito, akakosa hedhi miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Tena madhara haya huja wakati mbaya kuliko wote. Takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili hivi ya kukua kwa kasi, na hiyo ndiyo miaka ambayo mwalimu wa baleti humkazia macho binti mbele ya kioo. Kilichopotea wakati huo aghalabu hakirudi chote.

Hapa kwetu baleti ni ya wachache, lakini wasichana wanaokimbia wapo, na walimu wanaowaandaa kwa mashindano ya UMISSETA wanawajua. Mazoezi ya alfajiri na ya jioni juu ya sahani ileile ya ugali na maharage ni hesabu isiyolingana. Mwalimu wa kiume anayeona haya kuuliza habari za hedhi na amtume matroni. Tena ipo desturi yetu moja inayohitaji kutazamwa: msichana akikosa siku zake, hushukiwa mimba papo hapo. Haya, na apimwe. Lakini kipimo kikionyesha kwamba hana mimba, jalada hufungwa na msichana hurudishwa uwanjani, ilhali hapo ndipo daktari alipotakiwa kuanza kumwuliza anakula nini.