Pistoni za injini ya turbo usinunue kwa kipenyo tu
Ndugu mkulima, kama Land Cruiser yako ya kubebea mahindi ina injini ya 1HD-T, usikubali kuuziwa pistoni za 1HZ eti kwa sababu "zinaingia". Kipenyo ni kilekile, milimita 94, lakini 1HZ haikutengenezwa na turbo, na dizeli yake huanza kuwakia kwenye silinda hedi. Ya 1HD-T huwakia kwenye shimo lililochongwa juu ya pistoni yenyewe.

Spea zisizo za Toyota si mbaya zote. Mimi ningeuza hata mbuzi nipate zilizotengenezwa kwa ajili ya turbo. Fundi apime silinda kwanza, ndipo ununue saizi. Wengi hufanya kinyume. Akague pia vijibomba vya kurushia oili chini ya pistoni, maana vikiziba, hata pistoni nzuri itaungua.