Paa Likivuja, Nyumba Haikodishwi Gizani

Wiki chache baada ya Rais William Ruto kuufuta mpango wa kulikabidhi kundi la Adani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), mwanafunzi wangu mmoja alinyoosha mkono darasani akauliza: "Mwalimu, kama waendesha mashtaka wa Marekani wasingefungua ile kesi, uwanja ungekuwa mikononi mwa nani leo?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu la kumpa. Nimelitafuta tangu siku ile, na naliandika hapa.

Tuyapange matukio yalivyofuatana. Machi 2024 kundi hilo kutoka India liliwasilisha pendekezo la kuukarabati uwanja, kujenga jengo jipya la abiria na njia ya pili ya kurukia ndege, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.85, kisha liuendeshe kwa miaka 30. Mwananchi hakuambiwa. Habari zilimfikia Julai, pale Nelson Amenya, Mkenya aliyekuwa masomoni Ufaransa, alipozianika nyaraka mtandaoni. Septemba 9 Mahakama Kuu iliusimamisha mpango huo kwa muda, kufuatia kesi ya Chama cha Wanasheria (LSK) na shirika la kutetea haki la KHRC. Septemba 11 wafanyakazi wa uwanja waligoma na abiria wakakwama kwa saa nyingi. Serikali haikutikisika, iliendelea kuutetea mpango wake.

Novemba 20 waendesha mashtaka wa Marekani wakamshtaki Gautam Adani kwa madai ya hongo katika miradi ya umeme wa jua nchini India, madai ambayo kundi lake lilikanusha. Kesho yake, Novemba 21, Rais alisimama bungeni akatangaza kuwa mpango umefutwa. Wabunge wakashangilia.

Walishangilia nini? Mashtaka yale hayakutaja uwanja wetu hata kidogo. Hoja zilizouhusu uwanja wetu zilikuwa zimetolewa hapa hapa Nairobi, na wanasheria wetu, na wabeba mizigo wetu, na vijana wetu wenye simu mkononi. Zilipigiwa kelele miezi minne na hazikusikika. Neno moja kutoka ng'ambo lilisikika kwa siku moja. Katika nchi iliyojipatia uhuru, hilo ni jambo la kutuinamisha vichwa.

Sasa nije kwenye hoja kuu ya waliotetea mpango: kwamba uwanja umechakaa. Ni kweli, umechakaa. Picha za maji yakidondoka kutoka paani tumeziona sote. Agosti 2023 umeme ulikatika uwanjani, na Desemba mwaka huo huo ukakatika tena. Sina nia ya kuitetea hali hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninachouliza ni nani aliyeuacha ufa. Paa haliozi kwa usiku mmoja. Kila abiria anayesafiri hulipa ada ya huduma ndani ya tiketi yake, na uwanja ule una mamlaka ya umma yenye bodi, bajeti na wakaguzi. Aliyekabidhiwa nyumba akaiacha ivuje hana haki ya kuutumia uvujaji huo kama hati ya kumkabidhi mwingine funguo.

Tena, hii si mara ya kwanza. Agosti 7, 2013, moto uliteketeza jengo la kuwapokea abiria wa kimataifa, tukawa tunawapokea wageni mahemani na kwenye jengo la kuegesha magari. Mwaka uliofuata Rais Uhuru Kenyatta alizindua mradi wa Greenfield: jengo la abiria milioni 20 kwa mwaka, kwa takriban shilingi bilioni 56. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Machi 2016 mradi ukafutwa. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yameshalipwa, na abiria hakupata hata benchi la kukalia. Mwaka 2019 likaja pendekezo jingine, la kuukabidhi uwanja kwa Kenya Airways, na wafanyakazi wakagoma kulipinga. Tazama mwendo huo: mradi unabuniwa chumbani, unaletwa umeiva, mwananchi anagutuka, unafutwa, paa linaendelea kuvuja. Usiri uliosifiwa kuwa njia ya mkato umetupotezea zaidi ya miaka 10.

Wakati huo jirani zetu hawakulala. Mwaka 2019 Tanzania ilizindua jengo la tatu la abiria katika uwanja wa Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Mwaka huo huo Ethiopia ilizindua upanuzi wa uwanja wa Bole, ambao ungali mali ya umma. Hivyo anayetuambia kwamba Mwafrika hawezi kujenga uwanja bila kuukabidhi kwa miaka 30, na apande ndege ya saa mbili tu akajionee.

Kuna jambo jingine linalonifanya niuandikie uwanja huu kwa uchungu. Ulipofunguliwa mwaka 1958 uliitwa Embakasi, na ulijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya maelfu ya wafungwa na mahabusu wa enzi ya Mau Mau. Watu walioshikwa kwa kudai ardhi ndio waliochimba na kusawazisha ardhi ile chini ya bunduki za mkoloni. Hakuna aliyewauliza maoni yao, na hatukutazamia waulizwe, maana serikali haikuwa yao. Serikali ya leo inasema ni yetu. Basi iwaulize wajukuu wao.

Sipingi mtaji wa kigeni, wala siamini kwamba kila mwekezaji ni mwizi. Mkataba mzuri na mgeni unawezekana. Lakini Katiba ya 2010 imeweka masharti. Kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe na mambo yafanywe kwa uwazi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Rais alipoufuta mpango ule aliagiza papo hapo atafutwe mshirika mwingine. Huyo mwingine naye atapita mlango upi?

Tudai mambo matatu kabla hajaingia. Zabuni itangazwe, kila mwenye uwezo ashindane. Rasimu ya mkataba ichapishwe kabla ya kutiwa saini, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na hesabu za mapato ya uwanja. Na hatima ya wafanyakazi iandikwe ndani ya mkataba wenyewe, isiachwe kwenye hotuba za mawaziri.

Ninyi watumishi wa umma mnaonisoma, najua baadhi yenu mliziona nyaraka zile kabla yetu. Najua pia mna watoto wa kulipia karo. Lakini kiapo mlichokula kilikuwa kwa Katiba, na faili iliyo mezani pako ni mali ya huyo mama anayeuza maharagwe Gikomba sawasawa na ilivyo ya waziri.

Na wewe mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili: kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakienda, nadhani uwanja ungekuwa umeshakabidhiwa, au tungekuwa bado mahakamani tukiupigania. Safari ile tuliokolewa na kesi ya watu wengine. Zabuni ijayo ikitangazwa, au isipotangazwa, usingoje New York. Andika barua ya kudai nakala ya mkataba kwa mujibu wa Kifungu cha 35, uilete darasani, tuisome pamoja.