Mabati sio maendeleo kama ndani hakulaliki

Jamani watu wa Gazi, tuambiane ukweli. Siku hizi mtu akipata pesa, cha kwanza ni kung'oa makuti aezeke mabati. Sipingi. Makuti yanavuja, yanashika moto, na kila baada ya miaka kadhaa unaezeka upya. Lakini mabati bila dari, na vidirisha vidogo, hiyo ni tanuri. Usiku joto likizidi mtu anatupa neti pembeni, anafungua mlango, mbu wanaingia bila hodi. Sasa hapo umejenga nyumba ama umejenga homa?

Wenzetu kule Mtwara, Tanzania, wamejengewa nyumba 110 za majaribio, Star Homes. Vyumba vya kulala viko juu, kuta zinapitisha upepo, wavu unazuia mbu. Si lazima tuige yote. Weka dari. Weka madirisha yanayotazamana, upepo wa bahari upite, kisha uyawekee wavu. Ule mwanya wa kati ya ukuta na paa pia uzibe kwa wavu, sio simiti. Na mwembe wa uani usiukate, kivuli chake ni feni ya bure.

Boriti je? Tangu 2013 Mikoko Pamoja inauza kaboni ya mikoko yetu, na pesa zake zimesaidia maji na shule hapa kijijini. Usikate mkoko ilhali mvinje unapandwa.

Fundi atasema wavu ni gharama. Muulize, na malaria ya mtoto ni bure?

Kwenu mmejenga vipi? Niambieni.