Boksi Ni Lako, Lakini Sheria Ni Zao? Chanuka Kabla Ununue

Fikiria umehamia keja mpya. Renti umelipa, dipositi umelipa, ufunguo uko mfukoni. Halafu landilodi anakuchapia: "Kwa hii ploti, WiFi ni ya kampuni moja tu. Ukileta ingine, hapana." Utaskia aje? Basi hivyo ndivyo wateja wa Synology walivyoskia mwaka wa 2025.

Kama wewe hupiga picha za harusi ama una studio mtaani, pengine unaijua NAS. Ni kaboksi kenye diski kadhaa ndani, unakaunganisha na intaneti ya nyumba, na mbogi yote inaweka kazi yake hapo. Tangu Juni 2021, Google Photos ilipokata hifadhi ya bure isiyo na kikomo na kukuachia GB 15 za bure, wazo la kuwa na hifadhi yako mwenyewe si la matajiri peke yao.

Synology ni kampuni ya Taiwan, na ni jina kubwa kwa hii biashara. Wasee hawaipendei bati. Wanaipendea programu yake, DSM, kwa sababu ni rahisi kutumia. Lakini DSM haiuzwi kivyake. Unaitaka? Nunua boksi lao.

Aprili 2025 wakakaza zaidi: modeli mpya za Plus zingetaka diski za Synology wenyewe ama zile wamezipitisha. Diski za kawaida za Seagate na WD, ambazo watu walikuwa wakitumia miaka yote bila shida, zikawekwa kando. Wateja wakachemka. Oktoba mwaka huo huo, DSM 7.3 ilipotoka, kampuni ikarudi nyuma na kuzifungulia mlango tena.

Poa, lakini usisherehekee haraka. Jiulize kwanza waliwezaje kujaribu hiyo mchezo. Ni kwa sababu programu na bati vinauzwa kama kitu kimoja. Ukishazoea ile programu, huwezi kuhama nayo. Unabaki ukipiga kelele na kuomba.

Sasa cheki upande ule mwingine. Kuna TrueNAS, ambayo zamani iliitwa FreeNAS, mradi ulioanza 2005. Unaishusha bure na kuiweka kwa kompyuta yako. Kampuni inayoitengeneza huuza maboksi pia, lakini hailazimishi mtu. Kuna Unraid pia: hiyo unalipia leseni, mashini unajitafutia. Yaani ile desktop ya ex-UK inayokula vumbi kwa kona inaweza kugeuka seva, bora iwe na RAM ya angalau GB 8 kwa TrueNAS na diski moja ya kuwasha mfumo, kando na zile za data. Na mashini ikikufa lakini diski ziko sawa, unazichomoa, unaziweka kwa mashini ingine yenye TrueNAS, kazi inaendelea.

Lakini tusidanganyane. Ukinunua boksi lililokamilika, kukiwa na noma unajua ni nani wa kupigia. Ukijijengea, halafu seva izime usiku ule mteja anangoja video ya harusi yake, fundi ni wewe. Stima ikipotea ghafla, ni shida yako. Na diski mbili zinazobeba kitu kimoja hazitoshi: mwizi akibeba boksi, amebeba zote. Weka nakala ingine mahali tofauti.

Kwa maoni yangu, kampuni inafaa kuuza vyote viwili: boksi kwa anayetaka raha, na programu peke yake kwa aliye na mashini yake. Hata kama wewe utanunua boksi, utafaidika, kwa sababu muuzaji anayejua unaweza kuhama atafikiria mara mbili kabla ya kukubana.

Kwa hivyo kabla utoe doo, uliza maswali matatu. Diski zangu zitakubaliwa? Programu inaweza kukaa kwa mashini ingine? Boksi likikufa, data yangu nitaitoaje? Muuzaji akianza kuzungusha maneno, rudisha pesa mfukoni. Picha za wateja wako haziwezi kukaa kwa keja ambayo sheria zinabadilika kila mwezi.