Mashine ya Mashua: Usinunue Jina Tupu



Huenda ukashangaa kuona habari za mashine za mashua katika gazeti la wakulima. Lakini twajua kwamba ninyi mnaokaa katika skimu za makazi karibu na bahari, kama Mpeketoni, Hindi na Magarini, hamwishi kwa jembe peke yake. Korosho zikiisha kuuzwa, au ufuta na pamba vikileta chochote, watu hukusanyika na kusema, "Haya, tutoe fedha, tununue mashua na mashine, tupate samaki wakati shamba limelala." Hilo ni wazo jema. Ila mara nyingi huharibika mapema, nayo sababu ni namna mashine inavyochaguliwa.

Swali linaloulizwa siku zote ni hili: "Mashine gani iliyo bora? Yamaha, Suzuki, Mercury, Tohatsu au Honda?" Kila mtu ana jibu lake, na kila mtu huapa kwa ile aliyo nayo. Mimi nitasema maoni yangu wazi tangu mwanzo. Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mashine ikiharibika siku ya Jumanne, nani ataitengeneza Jumatano, na kipuri atakipata wapi?

Hata hivyo ni vizuri kuyajua majina. Yamaha ya Japani ilianza kutengeneza mashine za mashua mwaka 1960. Zile ziitwazo Enduro zimetengenezwa kwa kazi ngumu ya wavuvi, wala si kwa matembezi ya matajiri. Huwashwa kwa kamba, kabureta yake ni ya kawaida, na fundi wa kijijini huweza kuifungua kwa spana chache. Ndiyo sababu imeenea sana katika pwani za Afrika. Suzuki, ambayo nayo ni ya Japani, ilitoa mashine yake ya kwanza ya mashua mwaka 1965. Tohatsu imekuwa katika kazi hii tangu mwaka 1956. Mercury ni ya Marekani na ilianza mwaka 1939. Lakini zipo Mercury ndogo ambazo kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa ushirikiano na hao hao Tohatsu, kwa hiyo watu wawili waweza kugombana pwani juu ya majina mawili na huku mashine zao ni ndugu. Honda ilianza mwaka 1964, na tangu siku hiyo imeshika njia moja tu, yaani mashine za mipigo minne.

Kila moja ya hizo ni mashine ya kweli. Hakuna iliyotengenezwa na watoto. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ya kwake haiharibiki kamwe, mpe heshima yake, lakini usimpe fedha zako.

Sasa fikirini habari ya Evinrude. Hili lilikuwa jina kubwa kuliko mengi. Ole Evinrude alianza kuuza mashine zake huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Wazee wengi walizijua mashine hizo. Lakini mwaka 2020 kampuni iliyokuwa ikimiliki jina hilo iliacha kabisa kuzitengeneza, baada ya miaka 111. Seagull ya Waingereza nayo iliacha kutengenezwa mwaka 1996. Mashine hizo hazikuacha kuwa chuma kizuri siku ile. Lakini mashine ambayo haitengenezwi tena huzidi kuwa yatima kila mwaka, maana vipuri hupungua na mafundi waliozijua huzeeka. Jina kubwa halikuwaokoa waliozinunua mwishoni.

Jambo la pili ni mipigo. Mashine ya mipigo miwili ni ile ambayo mafuta yake huchanganywa na petroli. Ni nyepesi, ina vyuma vichache, na bei yake ya kununua huwa ndogo. Mashine ya mipigo minne haichanganywi. Mafuta yake hukaa mahali pake na hubadilishwa baada ya saa kadhaa za kazi. Hiyo ni nzito zaidi na ghali zaidi kununua, lakini haina kelele nyingi na hula petroli kidogo.

Tufanye hesabu kama tufanyavyo hesabu ya mbolea. Mashine ya nguvu za farasi 15 ya mipigo miwili, ikikazwa sana, huweza kula lita 6 au zaidi kwa saa. Mkienda saa 3 kwa siku, hizo ni lita 18. Ikiwa ya mipigo minne itawapunguzia robo, mtaokoa lita 4 na nusu kila siku. Kwa siku 20 za kazi katika mwezi, hizo ni lita 90. Zidisheni kwa bei ya petroli ya siku hiyo mwone. Basi chama kinachokwenda mbali kila siku, na chenye fundi aliyejifunza mashine za namna hiyo, kisiogope bei ya kwanza. Lakini kikundi kinachovua ndani ya miamba siku chache kwa juma, na fundi wake ajua kabureta tu, mimi ningekishauri kishike ya mipigo miwili ambayo imejaa pwani yao. Akiba ya petroli haina faida ikiwa mashine imelala bandani miezi miwili ikingoja kipuri kutoka ng'ambo.

Nitawasimulia jambo lililonifika mimi mwenyewe, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Nilikuwa katika mashua pamoja na watu wanne, nje ya Ngomeni, mwanzo wa kusi. Mashine yetu ilikuwa ya jina linalosifiwa na watu wote, nami sitalitaja maana haikuwa na kosa. Ghafla ikatoa harufu ya kuungua, ikanguruma vibaya, ikazima. Nahodha alivuta kamba mpaka mkono ukachubuka. Tukauliza tanga liko wapi. Tanga lilikuwa nyumbani! Lilikuwa limeachwa, pamoja na mlingoti, ili kupata nafasi ya barafu. Upepo ukatusukuma kuelekea ghuba ya Ungwana tangu asubuhi mpaka karibu na magharibi, mawimbi yakiingia nasi tukichota maji kwa ndoo. Kijana mmoja alianza kulia. Mwishowe dau moja lenye tanga, wala si mashine, ndilo lililotuvuta.

Fundi alipoifungua alikuta kwamba ule mpira mdogo wa pampu ya maji umelika wote. Nahodha alikuwa na desturi ya kuiwasha mashine kwenye maji haba, na mchanga ukauchakaza mpira kila siku. Ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine ulikuwa umepungua tangu juma lililopita. Kila mtu aliuona, hakuna aliyeujali. Kipuri kile ni kidogo, chakaa katika kiganja cha mkono, na bei yake si kitu mbele ya bei ya mashine. Lakini kidogo kile kingalizika watu watano.

Tangu siku ile mtu akiniuliza mashine gani haiharibiki, namwambia ni ile yenye mwenyewe mwangalifu. Jina la kiwandani ni nusu ya safari tu. Nusu nyingine iko mikononi mwenu, nayo ni hii.

Kwanza, changanyeni mafuta kwa kipimo, si kwa macho. Someni kitabu cha mashine yenu. Mashine nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya mafuta, yaani petroli lita 20 kwa mafuta mililita 400. Mashine mpya hutaka mafuta zaidi katika saa zake za kwanza. Tumieni mafuta ya mashine za mashua yenye alama ya TC-W3, wala si mafuta ya pikipiki kwa sababu ni rahisi. Rahisi hiyo ni ghali.

Pili, mkirudi kutoka baharini, iosheni mashine kwa maji matamu. Itieni katika pipa la maji ya kisima, muiwashe dakika kumi hivi, ili chumvi itoke ndani. Mkulima hawezi kuiacha pampu ya dawa bila kuiosha. Kwa nini basi aiache mashine?

Tatu, angalieni mafuta ya gia. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia, na gia zitakufa msipobadilisha kizuizi chake. Mpira wa pampu ya maji ubadilishwe kabla haujalika, na petroli ipitishwe katika chujio kila mara.

Nne, chukueni baharini plagi za akiba, spana yake, pini ya panka na kamba ya kuwashia. Tena chukueni makasia na tanga. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Jaketi za kuelea ziwe na idadi ya watu, si idadi ya wakubwa.

Tano, nunueni kwa mwuzaji anayejulikana, mpate stakabadhi, na mwandike nambari ya mashine katika kitabu cha chama. Vipuri vya bandia ni vingi, na wezi wa mashine pia wapo.

Tena nina neno juu ya ukubwa. Nimeona mashua ndogo imebandikwa mashine ya farasi 40 kwa sababu jirani ana ya 25. Hiyo ni fahari, si biashara. Nyuma ya mashua hulemewa, petroli huisha, na samaki hawaongezeki. Nendeni kwa Bwana Samaki na kwa kamati ya ufuo wenu, ile BMU, mkaulize mashua ya urefu wenu yafaa nguvu gani. Kuuliza hakutozwi fedha.

Na kama mnapewa mashine ya msaada, iwe kutoka kaunti au kwa wafadhili, shukuruni, lakini ulizeni maneno matatu kabla ya kupiga makofi: vipuri vyake vyapatikana wapi, nani atamfundisha kijana wetu kuitengeneza, na je, ni jina lile lile tulilo nalo? Chama chenye mashine nne za majina manne kina matatizo manne. Chama chenye mashine nne za jina moja chaweza kuweka sanduku moja la vipuri, na mashine ikifa kabisa, vyuma vyake vyaweza kuwaponya wenzake.

Hivyo basi shauri langu kwenu ni hili. Kabla ya kutoa fedha za korosho, watumeni watu wawili wakatembee pwani yenu siku nzima. Wahesabu mashine zinazofanya kazi, na majina yake. Wahesabu pia zile zilizolala bandani, wakaulize kwa nini zimelala. Wamwulize fundi ni ipi anayoweza kuifungua akiwa amefumba macho. Kisha rudini mkutanoni mkaamue. Jina litakaloshinda katika hesabu hiyo ndilo jina lenu, hata kama kwingine wasifu jingine.

Fedha hizo ni jasho la shamba, na watakaopanda mashua hiyo ni watoto wenu. Msizikabidhi kwa tangazo la biashara.