Bango Halianzi na Wino



Oktoba 1914, Peter Kollwitz, kijana wa miaka 18, aliuawa vitani nchini Ubelgiji. Mama yake Käthe, mchoraji wa Berlin, ndiye aliyemsihi baba amruhusu kwenda.

Kwa miaka mingi mama huyo alitafuta namna ya kuuchora msiba wake, asiridhike. Mwaka 1920 aliziona picha za Ernst Barlach zilizochongwa ubaoni na kupigwa chapa, naye akashika patasi. Zikapatikana picha saba za vita, zilizotolewa mwaka 1923: wazazi, wajane, akina mama, wala adui haonekani. Mwaka 1924 akachora bango la kijana ainuaye mkono kuapa: vita visirudi tena!

Ndugu zangu, tunapoandaa mabango ya amani, tuanze kwa kuwatazama waliofiwa, na kuikiri sehemu yetu.