Jikoni mnacheka wote, kwenye malipo hamjuani

Ukimwambia mtu wa mjini kwamba kuna kazi inaitwa uhariri wa jarida la mapishi, anachokiona ni dada anayeonjaonja keki, anapiga picha mbili tatu, jioni anarudi kwake. Wapi! Mhariri wa mapishi anapika kitu kilekile mara tatu, nne, anapima chumvi, anahesabu dakika, anafuta, anarudia, ili ukijaribu kwako wali usigeuke uji. Siku hizi juu ya hayo yote anawekewa kamera na kuambiwa achangamke.

Hapo kwenye kamera ndo penye kesi.

Waliokuwa wanashinda YouTube kabla ya korona wanalikumbuka jiko la Bon Appétit, jarida la kule New York. Lilikuwa kama tamthilia. Wahariri wana aproni, wanataniana, wanaunguza, kila mtu ana mashabiki wake. Familia kabisa.

Juni 2020 pakanuka. Ilisambaa picha ya zamani ya bosi mkuu wa jarida akiwa amejigeuza mtu wa Puerto Rico, eti vazi la sherehe, na siku hiyohiyo akajiuzulu. Picha ilichukua vichwa vyote vya habari, ila mzigo wenyewe ulikuwa kwa mhariri msaidizi mmoja, dada mwenye asili ya Bangladesh. Aliandika Instagram kwamba ana miaka 35 na uzoefu wa zaidi ya miaka 15, lakini aliajiriwa kwa dola 50,000 kwa mwaka ili asaidie wahariri, wengi wao wazungu, waliomzidi cheo tu. Akasema pia kwamba wanaolipwa kwa kutokea kwenye video ni wazungu peke yao. Kampuni ilikanusha hilo.

(Kabla hujasema dola 50,000 ni hela ndefu, kaulizie kodi ya chumba New York.)

Kuna waliomwona ana tamaa: si ana mshahara, anataka nini tena? Hoja hiyo ni nyepesi mno. Kama kutokea kwenye video ni sehemu ya kazi ya mhariri, basi ni sehemu ya kazi ya wahariri wote. Kama ni kazi nyingine yenye mkataba wake, basi kila anayesimama pale apewe mkataba. Haiwezekani sura yako itumike kuonyesha kwamba ofisi ina watu wa kila rangi, halafu siku ya malipo rangi hiyohiyo ikuponze.

Na si New York tu. Dada wa hapa mjini akiitwa kupika kwenye shuti ya watu, viungo vyake, nauli yake, anaambiwa, "Wewe njoo tu, utapata jina." Akiuliza hela, anaonekana anaringa.

Agosti 2020, baada ya mazungumzo ya mikataba kugoma, yule dada na wenzake wawili walitangaza kuacha video. Zile za zamani bado zipo, watu wanaangalia, matangazo yanapita.